Malengelenge ya Chumba cha Mbele

Ukuta wa chumba cha mbele ulianza kuvimba siku ya tisa baada ya baba kuupaka rangi. Mimi ndiye niliyeuona mwanzo. Nilikuwa nikipita na ndoo ya maji kichwani, jua la asubuhi limeingia dirishani na kuulalia ubavu ule ukuta wa kijani, na katika mwanga ule wa kando nikaona vivimbe vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyesisimkwa na baridi. Nikatua ndoo. Nikabonyeza kimoja kwa kidole, kikawa laini. Nikakitia ukucha, kikapasuka, na tone la maji likanitiririka hadi kiganjani.

Sikumwambia mtu. Nilitumaini, kwa ujinga wa miaka kumi na minane, kwamba kitu kisichosemwa huenda kikarudi chenyewe kilikotoka.

Nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mmoja mjane, mtu wa pwani wa tangu na tangu, mfupi, mwepesi wa miguu, aliyejenga Temeke wakati viwanja vilipokuwa vikipimwa kwa kamba na mikorosho ingali imesimama katikati ya barabara ambazo bado hazikuwa barabara. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Sisi tulipanga vyumba viwili vya mwisho, baba, mama na mimi. Baba alikuwa fundi rangi. Alitoka milima ya Umatengo, akajifunza kazi misheni kwa kupaka madirisha ya kanisa, akashuka pwani na brashi tatu na rozari. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya masista na nilikuwa nikingoja kuitwa kufundisha. Katika kungoja huko niliandika mambo kwenye daftari na kuwachunguza watu, kazi ambayo mama aliiita umbea wa kusoma.

Mwenye nyumba alikuwa akimwoza mjukuu wake. Wakwe wangepokewa katika chumba cha mbele, naye alitaka wakwe wale wakute rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi darini, kama nyumba za Uzunguni, siyo chokaa inayomwachia mgeni mgongo mweupe akiegemea. Rangi aliinunua mwenyewe. Baba alikubali kuipaka, kwa kuwa tuliishi naye na kwa kuwa, nadhani, alitaka mtaa uone.

Siku ya kumi vivimbe vilikuwa ukubwa wa kunde. Siku ya kumi na mbili vilikuwa ukubwa wa sarafu, na mwenye nyumba akamwita baba kutoka uani kwa sauti ambayo haikupanda hata kidogo.

"Fundi, njoo umtazame mgonjwa wako."

Baba alikuja akifuta mikono.

"Rangi yangu umeinywesha nini?" aliuliza mwenye nyumba.

"Sikuinywesha kitu, mama."

"Basi imelewa yenyewe."

Baba hakucheka. Alipitisha kisu kidogo chini ya lengelenge moja, rangi ikabanduka nzima kama utando wa maziwa, na chini yake lipu ilikuwa imeiva rangi nyeusi ya unyevu. Akasema ataukwangua ukuta wote na kuupaka upya.

Baba alikuwa na imani moja kuhusu rangi. Alisema rangi ni ngozi, nayo haifichi kitu; hukisubirisha tu. Akiwa njiani pamoja nami alikuwa akinionyesha kuta za watu kama daktari anayepita wodini. Ule wa duka la kona uliopasuka kama matope ya bwawa lililokauka: mtu aliharakisha mpako wa pili juu ya mpako ambao haujakauka, wa juu ukawa mgumu, wa chini bado unajinyoosha. Ule wa shule uliofanya mikunjo kama uso wa ajuza: walipaka kwa unene, jua la saa sita likaoka juu na kuacha ndani pabichi. Mlango ulioganda machozi ya rangi: brashi ilishiba mno na mkono ukawa mvivu. Dawa ya yote, alisema, ni ile ile na hakuna anayeitaka, nayo ni kungoja. Kwangua mpaka kisibanduke kitu tena. Futa vumbi. Ukuta ukauke mpaka ukiweka shavu usisikie baridi. Kisha upake kwa wembamba, mara tatu badala ya mara moja.

Mtu mwenye imani hiyo akitokewa na malengelenge mbele ya mtaa mzima, ni kama padri aliyekutwa amelewa.

Bombani walikwisha kusikia. Nilipofika na ndoo, mwanamke mmoja alinisogezea nafasi kwa heshima ya uongo.

"Mpisheni binti fundi. Eti baba yako ameupaka ukuta au ameutia ndui?"

"Ndui huchanjwa," akasema mwingine. "Waupeleke hospitali."

"Nani aubebe? Wewe mgongo unao?"

Nilicheka nao, kwa sababu asiyecheka bombani hukaa mwisho wa foleni. Lakini njiani maneno yao yalinikwama. Hawakumtuhumu baba kwa kitu fulani. Waliacha tu nafasi wazi, na nafasi ile kila mtu aliijaza kwa lake.

Baba aliijaza kwa mwashi. Alisema yule aliyepiga lipu alitumia mchanga wa ufukweni, wenye chumvi, na chumvi hunywa maji hata hewani. Lakini hata yeye hakuridhika. Alinionyesha: unyevu wa ardhini hupanda kutoka chini, sawasawa, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Chumvi ya mchangani hutoka kila mahali. Malengelenge haya yalikuwa yametawanyika kwa mafungu, mengi karibu na mlango na kwenye pembe, kisha patupu, kisha fungu jingine. Na juu kuliko kichwa cha mama yangu hapakuwa na hata moja.

"Hili limerushwa," alisema baba. Kisha akatazama mlango, kama mtu aliyesikia alichosema.

Alikwangua ukuta wote kwa siku mbili, akapiga msasa, akaacha ukauke siku nne. Siku ya tano asubuhi akauwekea shavu, akaridhika, akapaka. Siku ya nane baada ya kupaka malengelenge yalirudi, makubwa zaidi.

Safari hii mwenye nyumba hakumwita. Alikuja mwenyewe uani, akasimama kwenye kizingiti cha chumba chetu bila kuingia.

"Fundi, mie sina ugomvi na mtu," alisema. "Umenipakia mara ya kwanza, nikasema bahati mbaya. Ya pili sina jina lake. Paka ya tatu. Harusi ikinikuta na ukuta ule, mwezi ukiisha mniwie radhi, mhame."

"Mama, tumekaa hapa miaka mitano," alisema mama yangu.

"Ndiyo maana nasema kwa upole."

Alipoondoka, mama aliketi kitandani na kuanza kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Tungekwenda wapi? Fundi aliyefukuzwa kwa kazi mbovu hafukuzwi nyumba moja. Habari humtangulia mtaa hadi mtaa, kutoka Temeke hadi Kinondoni, na watu wangemuuliza kwanza juu ya ukuta kabla ya kumwonyesha chumba.

Hapo ndipo nami nilipoanza kumshuku baba.

Naliandika hili kwa aibu, lakini niliapa kuandika ilivyokuwa. Nilikuwa nimeona chupa. Ndogo, ya kahawia, imefungwa kwa kitambaa, chini kabisa ya mfuko wake wa kazi. Siku ya kupaka mara ya pili nilimkuta amenipa mgongo akimimina kidogo katika kopo la rangi. Aliposikia hatua zangu aliifunika chupa kwa mkono. Mafundi wabaya, kila mtu alijua, huongeza mafuta ya taa ili kopo moja lifanye kazi ya mawili, na kinachobaki huenda nacho. Rangi ya namna hiyo haishiki ukuta. Nilijiuliza kama mwenye nyumba alikuwa na haki. Nilipomtazama baba akila, nilitazama mikono yake. Nilipomsikia akisali, nilisikiliza kama mtu anayesikiliza ushahidi.

Alipotoka kwenda kunyoa nilifungua mfuko, nikafungua chupa, nikanusa. Haikuwa mafuta ya taa. Ilikuwa na harufu nzito, ya utamu, kama mbegu zilizokaangwa. Nilikuwa bado nimeishika aliporudi. Alikuwa amesahau kofia.

"Ni mafuta ya kitani," alisema. "Nilibakiza kazi ya misheni. Ndiyo yanayofanya rangi ishike."

"Kwa nini unayaficha?"

Alichukua chupa, akaifunga taratibu.

"Kwa sababu fundi anayeijua kazi yake hahitaji kuongeza kitu kwenye kopo lililotoka dukani. Niliogopa ni mkono wangu. Nikasema labda nimezeeka, sijui tena." Akaitia chupa mfukoni. "Na wewe uliogopa nini?"

Alivaa kofia akatoka.

Akaanza tena. Akakwangua, akapiga msasa, akafagia vumbi kwa brashi laini, akaacha milango wazi siku tano upepo upite. Jioni ya siku ya tano alisema ataanza kesho.

Alfajiri niliondoka kwenda kuwahi bomba. Nilifika njia panda nikakumbuka nimeacha ngata, nami sikuweza kubeba ndoo iliyojaa bila ngata kichwani, nikarudi. Ukumbini niliona mwanga wa kandili ukitoka chumba cha mbele na nikasikia sauti ya chini ikisoma. Nilisimama kwenye ukingo wa mlango.

Mwenye nyumba alikuwa amejitanda kanga, peku, bakuli la kauri mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alishika fungu la mrehani. Alilichovya bakulini, akaupiga ukuta: pembeni, mlangoni, pembe ya pili. Kila pigo matone yalipaa na kuishia pale mkono wake mfupi ulipofika. Lipu kavu iliyanywa kwa sauti ndogo, kama mtu anayebusu. Alifanya kazi yake kwa uangalifu ule ule wa baba, bila haraka, bila kuruka sehemu. Alipomaliza alipita mlango wa pili kwenda chumbani kwake bila kuniona.

Niliingia. Nikalamba kidole, nikakigusisha ukutani, nikakirudisha ulimini. Bahari.

Nilimkuta baba uani akichuja rangi kupitia kitambaa cha kanga kuukuu. Nilimwambia kila kitu, haraka, na nilipomaliza nilitarajia atafurahi. Alikuwa ameachiwa huru, mkono wake na kopo lake. Badala yake alikaa juu ya kinu.

"Basi alitumia maji ya bahari," alisema. "Yanakauka juu kwa saa mbili, unaweka shavu, unasema pakavu. Chumvi imebaki ndani inayaita maji mengine." Alifikiri. "Lakini mtu hanyunyizi maji ya bahari kwenye nyumba yake bure. Anafukuza kitu."

Sote wawili tulijua katika nyumba ile kulikuwa na wageni akina nani.

Baba aliweka kifuniko juu ya kopo, akanawa, akaenda kupiga hodi. Nilimfuata hadi ukumbini. Mwenye nyumba alitoka akiwa na tasbihi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hujaanza?"

"Ukuta una chumvi. Mie ni mtu wa milimani, bahari nimeiona nikiwa na ndevu. Nimekuja kuuliza, chumvi hufikaje ukutani?"

Alimtazama, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakatulia juu ya kidole changu kana kwamba bado kilikuwa na maji.

"Unauliza au unasuta?"

"Nauliza, mama."

"Nimeimwaga mie. Maji ya bahari ya Mtoni, yamesomewa. Nimemwaga kabla ya mara ya kwanza, na ya pili nikaongeza, maana niliona kazi ni nzito. Na leo." Alivuta punje mbili za tasbihi. "Nilikuwa najikinga. Nawe wajua kutokana na nini."

"Sijui."

"Fundi, nilikuona kwa macho yangu. Kila ukitoka kazini, kabla hujala, wachukua matambara, wayakunja, wachimba pembe ya ua, wafukia. Leo pembe hii, kesho ile. Pembe zote nne za nyumba yangu. Mtu wa bara anafukia matambara kwenye pembe za nyumba ya mjane, ataka nini?"

Nilihisi kicheko na kilio vikipanda pamoja. Matambara yale niliyaona yakifukiwa tangu utoto wangu, kila jioni, hadi nikaacha kuyaona. Matambara yaliyofuta mafuta ya rangi, yakirundikwa mahali, hujipasha moto yenyewe polepole na kuwaka bila kiberiti. Misheni alikojifunza baba kazi, stoo iliungua kwa njia hiyo. Tangu hapo hakulaza tambara ndani ya nyumba yenye watu hata siku moja. Alihama pembe kwa sababu mchanga wa pembe ya kwanza ulikuwa umejaa.

Baba alimweleza. Alieleza vibaya, kama watu wanyoofu wanavyojieleza, kwa maneno machache mno.

"Tambara liwake lenyewe?" alisema mwenye nyumba. "Bila mtu?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo nalo si uchawi?"

Baba alichukua jembe. Alifukua pembe nne moja baada ya nyingine, mwenye nyumba amesimama juu yake, na kila tambara lililotoka alilitandaza juani. Yalikuwa matambara tu, yamekakamaa, ya kijani, ya kahawia, ya bluu ya nyumba za watu wengine. Mwenye nyumba alitafuta kucha, nywele, karatasi yenye maandishi. Alipindua kila moja kwa kijiti. Mama yangu, aliyetoka chumbani, aliyahesabu kwa vidole bila kujijua.

"Basi paka," alisema hatimaye. "Harusi ni Ijumaa."

"Siwezi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nikipaka leo, Ijumaa utapendeza. Wiki ijayo utatoka vile vile," alisema baba. "Chumvi ioshwe kwa maji baridi, ikauke, ioshwe tena, ikauke. Wiki tatu. Wakwe zako watakuta lipu tupu."

"Wakwe zangu wakute lipu."

"Ndiyo, mama."

Baba angeweza kupaka. Angeweza kumpa ukuta wa Ijumaa na sisi tukapata mwezi, miezi miwili, kabla ya kufukuzwa. Mwanamke yule alikuwa akitakiwa kumwamini mtu aliyemshuku hadi dakika kumi zilizopita, na kumwamini kwa jambo lililofanana kabisa na hila: fundi anakataa kazi, mwezi unapita, ukuta mtupu. Niliona akipima. Niliona akitazama matambara, kisha mikono ya baba, kama mimi nilivyoitazama mezani.

"Na ukinidanganya?"

"Tutahama bila kungoja mwezi."

Aliingia ndani, na tulipomsikia akifungua sanduku tulidhani mazungumzo yameisha. Alirudi na rundo la kanga mpya za harusi, jozi zisizokatwa, akamtupia mama yangu mikononi.

"Nisaidie kutundika," alisema. "Kama ukuta hauvai rangi, uvae hizi."

Ijumaa ile wakwe waliketi katika chumba kilichovaa kanga kutoka pembe hadi pembe, nyekundu na nyeusi, na bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alitaka kujua ni nani aliyebuni uzuri ule. Mwenye nyumba alisema ni mambo ya siku hizi. Baba hakuwapo. Alikwenda kukaa kwa mtu mwingine siku nzima, asije mgeni akainua kanga na kumkuta fundi karibu.

Kisha akaosha. Alibeba maji matamu kutoka bombani yeye mwenyewe, mbele ya wanawake wote, wakamwambia safari hii anaubatiza ukuta. Alikausha, akaosha, akakwangua unga mweupe wa chumvi uliochomoza kila ulipokauka, mpaka siku moja haukuchomoza. Siku ya kupaka mwenye nyumba alileta kiti, akakiweka katikati ya chumba, akakaa tangu brashi ya kwanza hadi ya mwisho. Alipohitaji kusali alimwita mjukuu wake mwingine akae badala yake.

Mpako wa tatu ulipokauka, mwenye nyumba alihama na kiti chake hadi barazani na kuacha mlango wazi ili aone. Wiki moja. Mbili. Mwezi. Kila asubuhi, nikipita na ndoo, nilimkuta ameweka kiganja ukutani, kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto. Siku moja tulikutana pale. Alinisogezea nafasi kidogo nami nikaweka changu. Palikuwa pakavu, wala sikusikia baridi.

Maji ya bahari hakuyaacha. Siku hizo aliyamwaga kwenye jiwe la kizingiti, na baba alipopita aliinua miguu juu yake kwa adabu. Matambara nayo mwenye nyumba alikataa yafukiwe. Kila jioni baba akirudi kazini aliyakabidhi kwake, naye aliyapokea kwa ncha za vidole viwili, akayahesabu, akayazamisha ndani ya debe la maji alilolificha mahali ambapo hakutuambia. Tulikaa katika nyumba ile mpaka nilipoitwa kufundisha, na siku niliyofunga sanduku langu alikuwa bado anayahesabu.